Jamani hii raha ya kujenga mtu wa theluji ni raha kweli ama ni ya picha tu?

babake_zuhra

Salaam aleikum wanamvita, na wengine wote hamjambo. Nina swali la kitoto, lakini mwenye swali ni mtoto kweli, kwa hivyo msinicheke. Dadangu anakaa Toronto, juzi akatuma vidio kwa WhatsApp, watoto wake wako nje ya nyumba wanabingirisha matonge ya theluji, wanapanga moja juu ya lingine, wanamtia karoti pua, wanacheka mpaka wanaanguka. Binti yangu ana miaka minane, hiyo vidio ameiangalia mpaka bando likaniishia na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Baba mbona sisi hatuna. Baba theluji ina ladha gani. Baba yule mtu usiku yuwalala wapi.

Sasa yeye na mamake wamepata viza, inshallah wanaondoka mwisho wa Disemba, wiki tatu. Mimi nabaki, kazi. Na mimi baridi ninayoijua ni ile ya Julai kusi likivuma, watu wanavaa sweta ndani ya matatu na hapo ni digrii ishirini na kitu. Nisaidieni waliowahi kumjenga huyo mzee, ajengwa vipi, mtoto abebe nini, na la mwisho mniambie ukweli, raha yenyewe iko wapi? Maana mimi nikiangalia naona watu wazima wanatetemeka huku wanafinyanga maji.

mpwani_wa_mbali

Waaleikum salaam babake Zuhra. Mimi mtoto wa Kibokoni, huku Kanada ni mwaka wa kumi na moja huu, na hilo swali lako la mwisho nililiuliza mimi mwenyewe kwa mdomo huu huu.

Kwanza nikwambie aibu yangu. Theluji yangu ya kwanza niliamka naona dirisha jeupe, nikashuka ngazi mbio na ndara (wallahi ndara), nikachota viganja viwili nikakamua nikafungua mkono, ikamwagika yote kama unga wa ngano. Nikajaribu tena, unga. Kulikua na mzee jirani anafagia mlango wake, akacheka akaniambia leo haishiki, leo ni kavu sana, ngoja. Ilikua hasi kumi na nane. Mimi nlidhani theluji ni theluji, kumbe iko aina.

Mfikirie mamako anapokanda mahamri. Unga mkavu haufanyi donge, utie tui ndio ushike, ukizidisha tui nao unakua uji. Theluji ni hivyo hivyo. Ile inayojenga ni inayoanguka ama kukaa kwenye digrii karibu na sifuri, pale chembe zake zinakua na utando mdogo wa maji, ukizibana zinashikana na yale maji yanaganda tena katikati yake, ndio gundi yenyewe hiyo. Ikishuka hasi kumi na tano huko haina maji hata tone, haishiki hata uiombe dua. Kwa hivyo Zuhra akifika akaikuta haishiki asilie, asubiri siku baridi ikilegea. Kipimo ni kimoja, achote akamue, akifungua mkono ikabaki na alama za vidole vyake basi siku ndio hiyo.

Kujenga sasa. Anaanza na tonge la mkononi, kama chungwa, analibana sanasana, kisha analiweka chini juu ya theluji ambayo haijakanyagwa analisukuma. Hapa ndio penye utamu na hapa ndio utanielewa. Lile tonge linaanza kula lenyewe. Kila likizunguka linakunja theluji ya chini kama mtu anavyokunja mkeka baada ya maulidi, na nyuma yake linaacha njia, majani yaliyokua yamefunikwa yanatokea ya kijani katikati ya weupe wote ule. Wewe unasukuma tu. Dakika tano lilikua chungwa, sasa ni dafu, sasa ni mtungi, sasa unaita watu waje wakusaidie, na watu wanakuja, hata ambao hujawahi kuwasalimia. Mimi majirani wa jengo lile miezi minne nilikua nawajua kwa viatu tu kwenye lifti, siku hiyo ndio nilijua majina.

Kila hatua mbili tatu ageuze upande, la sivyo anapata gogo badala ya tonge. La chini kubwa, la kati dogo kidogo, la juu kichwa. Na hili nalisema kwa herufi kubwa, LIMALIZIKIE PALE ANAPOTAKA LIKAE. Tonge la upana wa mita moja lapita kilo mia na hamsini hilo, haliinuki. Langu lilinikwamia katikati ya maegesho na mwenye jengo akanuna mpaka Machi. Akiweka la pili juu ya la kwanza akwangue kidogo juu liwe bapa, halafu nafasi ya kati azibe kwa theluji ya mkono kama fundi anavyoziba mawe ya matumbawe kwa chokaa.

Ukweli wa raha ni upi... kwa kweli kuna kitu sijui nikiseme vipi. Theluji mpya ikishuka mji unanyamaza. Ni hewa nyingi sana ile, imejaa matundu, inameza sauti, magari unayaona hayasikiki. Halafu ndani ya kimya hicho ndio unasikia watoto wanacheka mtaa wa tatu. Mimi mtu wa Kibokoni nimezoea pikipiki, adhana, muuza kahawa anagonga vikombe, ile siku nilisimama kama nimepigwa na butwaa.

Na nilimvika kofia. Ile ya vito aliyonishonea mamangu. Nikampiga picha nikamtumia, nikidhani atacheka. Akanipigia saa hiyo hiyo: "Nimekaa miezi na sindano, macho yananiuma, we kofia yangu umewavika MAJI?"

mama_sweta_nyali

😂😂 mamako ana haki kabisa, mkanye mwanao asiguse kofia za watu.

Babake Zuhra, mimi nimelea wawili Uingereza kabla ya kurudi, na huko theluji huja kwa bahati, ikishuka sentimita tano tu shule zinafungwa, kwa hivyo tulikua tunaikimbilia kama watu wanaokimbilia feri ya Likoni. Hayo ya fizikia ameshasema kaka, mimi nakwambia ya mama.

Jaketi usinunue duka la maana. Nenda Kongowea kwenye mitumba, mabelo yanakuja na majaketi mazito ya baridi na hapa kwetu nani atayavaa, yale yananing'inia tu wauzaji wenyewe wanayachoka, utapewa kwa bei ya kusikitisha. Angalia zipu na angalia kitambaa cha nje kisiwe cha kunyonya maji. Glavu ndio usifanye ubahili. Za uzi hazifai kabisa, theluji inaganda kwenye uzi, inayeyuka, dakika kumi mtoto analia vidole. Anataka zile zisizopitisha maji, na kama ni za kidole gumba peke yake na vinne pamoja ni bora zaidi, vidole vikikaa pamoja vinapashana moto. Buti wakanunue huko huko.

Akisema vidole vina ganzi aingie ndani, atie mikono makwapani ama maji ya vuguvugu tu. Wasimsogeze kwenye hita wala moto, ngozi yenye ganzi haijui kama inaungua. Wangu mmoja alinifunza hilo kwa kilio.

Na watoke mapema. Huko mwisho wa Disemba saa kumi na moja ya jioni haijafika jua lishatua, mtoto wa Mombasa akilala mpaka saa nne ile siku imeshaisha nusu.

La mwisho, theluji ya manjano hailiwi wala haijengewi. Kuna mbwa wengi huko. Nimemaliza.

kijana_wa_ganjoni

Nyie watu mchanga uko bure pale ufuoni Pirates, hauyeyuki, hauhitaji viza. Hebu tuacheni utumwa

mama_sweta_nyali

Haya kijana, nenda ukabingirishe tonge la mchanga uniletee hapa nilione.

mpwani_wa_mbali

@kijana_wa_ganjoni lakini hujakosea sana. Mchanga wa maji yakipwa unashika kwa sababu ya maji katikati ya chembe, ukikauka unabomoka, ni ujamaa na hiyo theluji ya sifuri. Tofauti yake ni kwamba mchanga hauli njiani. Unaujaza ndooni, unaupindua, basi. Theluji inajikuza yenyewe na wewe unasukuma, utamu wote uko hapo.

shamba_rabai

Nimepita nikaona huu uzi nikashindwa kunyamaza, maana nyote mnaongea kama theluji ni kitu cha Kanada. Habari ya theluji ya Afrika kufika Ulaya ilitoka hapa hapa kwetu Rabai, hata saa nzima kwa gari kutoka Buxton, Mombasa mjini, haifiki!

Yule mmishonari Johannes Rebmann alikua akikaa Rabai na mwenzake Krapf. Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, akiwa safarini kuelekea Uchagani kwa miguu na watu wa pwani, akaona mlima mrefu na juu yake kitu cheupe, akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake wa njia kile cheupe ni nini. Na yule kiongozi hakujua jina la kile cheupe, akamjibu neno moja, "baridi". Rebmann ameandika hivyo mwenyewe. Ndipo akaelewa ile ni theluji. Akapeleka habari, na mabingwa wa jiografia kule London wakiongozwa na bwana mmoja Cooley, ambaye huku hakuwahi kutia mguu, wakamcheka, ati theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka uliofuata, 1849 mwezi wa Disemba, Krapf naye akauona Mlima Kenya akiwa Kitui, weupe uko juu vilevile. Wakazidi kubishiwa miaka.

Kwa hivyo babake Zuhra mwambie mwanao "sisi hatuna" si kweli. Kilimanjaro ni mita 5,895 na siku hewa ikiwa safi ukiwa Voi ama Taveta unamuona na kofia yake nyeupe, japo barafu lake la zamani limepungua sana sasa hivi.

Na jambo jingine dogo la lugha, theluji tumeitoa kwa Waarabu, thalj. Lakini barafu, hili tunalonunua kwenye mfuko limetiwa ukwaju, limetoka kwa Waajemi, na kwao barf ndio theluji yenyewe. Mtoto anayelamba barafu hapo Majengo jina la theluji analo mdomoni tayari.

abu_hafsa_t

Barakallahu fikum. Sitaki kumharibia mtoto, ila lazima mtu aliseme. Suala la kutengeneza sura ya kiumbe lina maneno. Januari 2015 theluji ilishuka Tabuk huko Saudia, watu wakatoka wakajenga, sheikh mmoja akaulizwa akajibu haifai, mtandao ukawaka moto wengine wanamuunga wengine wanampinga. Mimi si mufti, muulize imamu wako. Lakini kama moyo wako una shaka si lazima awe mtu, theluji inajenga chochote. Mtoto wa pwani ajenge jahazi. Dau lake, mlingoti kijiti, tanga leso ya mamake.

mama_sweta_nyali

Jahazi la theluji mashallah hilo limeniingia! Na leso usiogope kwamba itamyeyusha, watoto wangu walikua wanabishana kila mwaka ati ukimvika koti atapata joto. Koti halina joto lake, linazuia tu, moto wa nje haumfikii upesi, kwa hivyo aliyevaa hukaa zaidi kuliko aliye uchi. Cha kumuua ni jua, na vitu vyeusi, yale macho ya makaa yanakula jua yanachimba mashimo halafu yanaanguka, asubuhi unakuta kipofu.

kijana_wa_ganjoni

Sawa nimekubali kidogo. Mkubwa kuliko wote aliwahi kufika wapi?

mpwani_wa_mbali

Ninaojua mimi, 2008 kijiji cha Bethel kule Maine, Marekani, walijenga wa kike, mita 37 na ushei. Wakakaa na sifa yao mpaka 2020, Austria wakajenga wa mita 38. Hiyo ni kama ghorofa kumi na mbili bwana, macho yake ukiyataka utumie kreni. Mimi hao wakubwa hawanipi raha, hakuna mtoto aliyemsukuma mtu wa ghorofa kumi na mbili. Wajapani nao wanatia matonge mawili tu badala ya matatu, hana kiuno, mfupi hivi, na mimi naona ndio mzuri kwa mtoto wa miaka minane kwa sababu anamalizika kabla hajachoka.

Na 1494 Florence ilipata theluji kubwa, mtawala wa pale Piero de' Medici akamwita Michelangelo, yule yule mchongaji, kijana bado hata miaka ishirini hajafika, akamwambia nijengee mtu wa theluji uani. Akajenga. Hakuna aliyejua alivyokua, aliyeyuka.

babake_zuhra

Jamani ahsanteni nyote. Nimesoma yote kwa sauti, Zuhra amekaa pajani. Ile ya "baridi" imemshika, ananiambia Baba kumbe yule mtu hakujua jina akaita vile alivyohisi. Abu Hafsa nimeuliza, jibu nililopewa nitabaki nalo mwenyewe, ila jahazi limepita bila mjadala.

Sasa nilifanya ujinga Jumamosi. Nina rafiki yuwapakia samaki, wana mashine ya barafu laini, lile la kumwagia kwenye kreti. Nikanunua magunia mawili nikapandisha darini. Nikawaambia watoto wa jengo njooni. Linashika! Si kama mnavyosema nyie, halibingiriki, lakini ukilifinya linashika. Tukapata mtu wa kimo cha goti, pua bamia, macho kokwa za ubuyu. Lilikua saa tano asubuhi, kaskazi limeshaingia, jua mnalijua. Akaanza kuinama kama mzee anayetafuta kiatu msikitini. Nilihesabu, dakika ishirini na mbili. Ila sikuwaza kitu kimoja, lile gunia lilishabeba samaki. Harufu ya changu ikashuka mpaka ghorofa ya chini na paka wa mtaa mzima wakapanda. Paka kumi na moja wamezunguka kidimbwi wananilaumu mimi.

mama_sweta_nyali

🤣🤣🤣 picha iko wapi

babake_zuhra

Hakuna picha, mikono yangu ilikua na ganzi.

babake_zuhra (Januari)

Nimerudi kuwapa habari kama nilivyoahidi.

Walifika wakakuta mvua. Siku tisa mvua na matope, mtoto ananipigia analia Baba ni kama Mombasa ila mbaya. Kisha ikashuka lakini kavu, akakamua, unga, akamwambia shangazi yake "haishiki, ni kavu, tungoje", shangazi akaduwaa amejuaje. Jumanne ya wiki ya tatu baridi ikalegea. Mama yake akanipigia vidio, kwao saa nne asubuhi, kwangu saa kumi na mbili jioni, niko kazini, nafunga duka. Nikaweka simu juu ya kaunta nikasema naangalia dakika mbili.

Ndugu zangu lile tonge nililiona. Limeanza dogo, yuwalisukuma kwa kichwa karibu, na ile njia nyuma yake ya majani ikawa inatokea kama mlivyosema, na mimi hapa nimesimama napigia kelele simu, "GEUZA! Geuza upande mama, linakua gogo! Si hapo, si hapo, mlangoni hapo watapita wapi!" Mteja amekuja ananiuliza soda, nikamwambia ngoja. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa bado niko pale. Wakaja watoto wawili wa jirani, sijui wa kabila gani, hawakuulizana majina, wakaingia tu wakasukuma. Niliona mke wangu anacheka cheko ambalo sijalisikia miaka, ameanguka kitako, leso imemwenda upande.

Walijenga jahazi kwanza, likafanana na bafu. Halafu wakajenga la pili, hilo sisemi lilikua nini, ila liliitwa Bwana Baridi, lilikua na matonge mawili na halikua na kiuno. Kwa lile swali la kwanza kabisa, alilala pale pale nje chini ya dirisha, Zuhra aliamka usiku mara tatu kuchungulia.

Wametua jana Moi. Kwenye begi, ndani ya soksi, nimekuta karoti. Iko kwenye friji yangu sasa, imenyauka imejikunja kama kidole cha bibi, na nimeambiwa nisithubutu kuitia kwenye mchuzi.